Miguu Mizito

Jumamosi saa nane mchana, Nerima alikuwa angali anapangusa viti vya plastiki katika ukumbi wa umma huko Kiamunyi, Nakuru. Mbele alikuwa ameweka kochi la mgeni rasmi, lenye vitambaa vya kufuma, na chupa mbili za maji. Kikundi chake cha dansi kilikuwa na watu wanne, na hakikuwa na mahali pengine pa kufanyia mazoezi. Msimamizi wa ukumbi, Bwana Kipkirui, alikuwa amemwambia wazi: alete gazeti linalowasifu, la sivyo nafasi yao wanapewa wengine.

Makhanu wa gazeti alifika mapema. Huyo bwana ana desturi yake, na nani asiyeijua? Humpiga mgeni rasmi picha, husikiliza hotuba, hunywa chai, kisha huenda zake kuandika jinsi dansi ilivyokuwa. Dansi yenyewe huanza baadaye. Siku hiyo mgeni rasmi alizungumzia maadili ya vijana kwa saa nzima na dakika kumi, kisha yeye na Makhanu wakanywa chai, wakaondoka pamoja.

Ndipo wakacheza. Kwenye kipande cha tatu mmoja wao, Jepleting, akaruka, asishuke. Alifika chini ya mabati akabaki hapo, akamalizia hatua zake. Watazamaji kumi na mmoja walipiga makofi, wakasaidia kupanga viti, wakaenda nyumbani.

"Jep, unashuka?" Nerima aliuliza.

"Bado. Lakini huku kuna baridi."

Wakafunga sweta na mkebe wa githeri kwenye ufagio wa utando wa buibui, wakampandishia.

Jumatano gazeti likatoka. Hotuba ilisifiwa kwa aya sita. Dansi ilipata mstari mmoja: vijana wana bidii, ila miguu yao ni mizito, hawajajua kuinuka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya Makhanu yalikuwa yameondoka na chai. Nerima aliumia mpaka chakula kikamshinda. Akamleta Bwana Kipkirui ukumbini, akamwonyesha juu.

"Si unamwona, mzee?"

"Namwona vizuri. Jepleting, sasa?"

"Poa, mzee."

Bwana Kipkirui akakunja gazeti polepole. "Mimi sina shida na yeye, madam. Lakini faili haili mtu. Faili inakula karatasi."

Ukumbi ukapewa watu wa semina ya viongozi. Walipokuja kupamba, waliona ngazi yao ni fupi, na kwa kuwa Jepleting alikuwa huko huko, wakamrushia vitambaa. Akavifunga vyote, kona hadi kona, maana hakuwa na kazi nyingine.

Safari hii Makhanu alikaa mpaka mwisho, kwa sababu semina yote ilikuwa hotuba. Aliandika kwamba mapambo ya juu yalikuwa mepesi ajabu, yakicheza kana kwamba yana uhai, na kwamba Nakuru haijawahi kuona kitu kama hicho.

Nerima alikikata kipande hicho kwa makasi, akakipeleka ofisini. Bwana Kipkirui alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma chote, akakiweka kwenye faili ya watu wa semina.