Yaarub Hajawa Daktari

Mwenye mtoto aliye masomoni na asikilize yaliyomkuta Turkiya wa Ibra, kule Omani. Tangu mwanawe Yaarub arudi kutoka Uingereza, mwaka ule wa themanini na nne, kazi yake ilikuwa moja tu isiyokwisha: kumsahihisha mumewe, Marhoun.

"Huyu ndiye daktari wetu," Marhoun alimtangazia kila aliyemkuta sokoni.

"Hajawa daktari!" Turkiya alimwambia garini. "Kasomea damu na vijidudu, digrii ya pili, apate kukubaliwa chuo cha udaktari. Maombi ndiyo kwanza kayapeleka. Mgonjwa hata mmoja hajamgusa."

"Si ndiyo njia hiyo hiyo?"

"Mtu akishika njia ya Maskati, keshafika Maskati?"

Marhoun akacheka, akawasha gari.

Alhamisi moja baada ya alasiri, jirani yao Harub alikuja kunywa kahawa. Turkiya yuko chumba cha pili anakata halwa, akamsikia analalamika: tangu asubuhi kifua kinambana, mkono wa kushoto unamuuma, na jasho linamtoka na feni inazunguka.

"Unahangaika nini na daktari yuko mbele yako?" Marhoun akasema. "Yaarub, mtazame ami yako."

Turkiya akangoja mwanawe akatae. Lakini sebule imejaa wageni, na Yaarub hajapata kumkanusha baba yake mbele ya watu. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea hivyo ni Turkiya mwenyewe. Kijana akaushika mkono wa Harub, akababaika.

"Ami, ingekuwa bora hospitali wakupime..."

"Hospitali ya nini, na wewe upo? Mwambie, uchovu tu huo, au sio?" Marhoun akamkatiza.

"Huenda ni uchovu," Yaarub akasema kwa sauti ndogo.

"Alhamdulillahi! Basi nakwenda zangu kulala," Harub akasema, akainuka.

Kulala! Turkiya akakitupa kisu, akajitanda, akatokea mlango wa uani mbio mpaka kwa Mahbouba, mke wa Harub.

"Mahbouba, mumeo akija usimwache alale. Mpelekeni hospitali sasa hivi!"

"Kwani daktari wenu kasemaje?"

"Hatuna daktari! Tuna mwanafunzi, na baba mpenda sifa. Mwite kaka yako alete gari!"

Ulikuwa moyo. Harub alilazwa, akapona. Marhoun alimnunia mkewe kwa kumwaibisha mtaani, na Turkiya naye hakumbembeleza.

Aliporuhusiwa, Harub akaja na kuku wawili, sebule imejaa wageni mpaka mlangoni. "Nimekuja kumshukuru daktari wangu! Mkono wake una baraka!"

Turkiya alitaka kupasuka. Marhoun akatanua kifua, akafungua kinywa, lakini Yaarub akamtangulia.

"Ami, mimi si daktari. Nilisema uchovu kwa kumwonea haya baba, nusura ufe. Aliyekuokoa ni mama. Chuo kikinikubali, nikasoma nikamaliza, hapo nitakupima. Leo sijui kitu."

Marhoun akainamia kikombe chake.

"Sema tena, mwanangu," Turkiya akaita kutoka ndani, "wa mlangoni hawajasikia."