Atlasi ya Damu

Kila kitabu cha kozi ya maabara pale chuoni kilikuwa kimesainiwa kwa jina la Zenebech, mkutubi. Ndivyo ilivyo Ethiopia: mali ya serikali ina mwenyewe, na ikiharibika mwenyewe anakiona cha moto. Kuijaza rafu ya vitabu hivyo kulimla miaka. Aliwabembeleza wafadhili, akagombana na wahasibu, akapanda ngazi za wakubwa mpaka miguu ikavimba. Sasa alikuwa hoi. Alichotaka ni kukabidhi vitabu vyote vikiwa vizima, asainiwe hati ya makabidhiano, astaafu na pensheni yake.

Basi akavifungia kabatini. Hebu niambie, nani asingefanya hivyo? Atlasi ya damu ndiyo haikuona hata jua, maana ilikuwa moja tu, yenye picha za rangi za chembe za damu na vimelea vyake. Mwalimu wa maabara, Bwana Gezahegn, alikuja na kurudi akiomba ikakae kando ya hadubini. Zenebech akamwambia wanafunzi wake wana mikono michafu, wasomee fotokopi.

Kisha akaenda Gambella, bondeni kwenye joto na mbu, kumwona dada yake, akarudi na homa. Kwenye kituo cha afya, aliyempima damu alikuwa Birtukan, binti aliyemaliza kozi ileile mwaka uliotangulia. Aliinamia hadubini mpaka Zenebech akasinzia kwenye benchi. Mwishowe akatoka, macho chini.

"Mama, nisikudanganye. Naona vitu vya zambarau, ila sijui ni malaria au ni uchafu wa dawa ya kutia rangi. Sisi tulisomea fotokopi, kila kitu kijivu."

 Zenebech aliona aibu, tena aibu ya kweli. Ikabidi aitwe msimamizi wa Birtukan, naye akasema ni malaria. Zenebech alipopata nafuu aliibeba atlasi mwenyewe hadi maabara, akaiweka mbele ya Gezahegn, akaondoka.

Siku ya makabidhiano, muhula mzima baadaye, mkaguzi wa mali aliifungua atlasi. Jalada limeng'oka, kurasa zimelowa mafuta ya hadubini, alama za vidole vya zambarau kila mahali. Akaisukuma kando. Alisema kitabu kimeharibika, hakipokei, na hati haisaini.

"Hakijaharibika, mwanangu," Zenebech alisema. "Andika kimesomwa."

Mkaguzi aliitazama fomu yake juu hadi chini. Hapakuwa na pa kuandika hivyo. Zenebech akavuta kiti, akakaa kumngoja, maana miguu ilikuwa inamuuma.