Njia ya Fabiola Kwenda Jikoni

Dada yangu Fabiola alikufa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imeganda kwenye bustani ya jengo letu. Tulimsomea rozari siku tisa, kama ilivyo desturi yetu, na kila jioni niliweka bilauri ya maji kando ya picha yake ili roho isiondoke na kiu. Majirani walikuja. Bi Kulkarni wa ghorofa ya nne, mwenyekiti wa kamati ya jengo, alileta sufuria ya wali wa ndimu. Bwana Lindauer, mzee anayeishi chini yetu, hakuja. Alituma maua kwa mkono wa Besnik, msimamizi wa jengo.

Rozari ilipokwisha nikamwaga maji, nikaosha bilauri, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

Nyumba ilikuwa ya Fabiola. Chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko jembamba na bafu. Aliinunua kwa kushona mapazia ya mahoteli, kabla mimi sijaja kutoka kwetu Pereira. Nilipofika alinikunjulia sofa sebuleni akasema ni kwa muda tu. Nikalala pale mpaka nikaota mvi. Aliniachia nyumba katika wasia, lakini katika mtaa huu wa Jackson Heights, kwenye majengo ya ushirika kama letu, wasia peke yake hautoshi. Mtu hanunui kuta, ananunua hisa katika jengo zima, na wenye hisa wenzake lazima wamkubali kwanza. Wakimkataa, nyumba inauzwa, anapewa chake, anakwenda zake. Mimi sikutaka changu. Nilitaka kubaki mahali nilipoishi na dada yangu.

Wakaniita kwenye mahojiano. Yalifanyika chini kabisa, katika chumba cha kufulia, kwenye meza ya kukunjia nguo, mashine moja ikizungusha mashuka ya mtu. Nilivaa gauni nililomzikia, maana ndilo zuri nililokuwa nalo.

“Bi Nohora,” alisema Bi Kulkarni, miwani ikiwa imemshuka puani, “kwa nini ungependa kuishi katika jengo letu?”

“Mama, mimi naishi humu.”

“Najua unaishi humu. Juzi tu nilikuja kwako kuomba chumvi. Lakini swali lazima liulizwe.”

“Basi andika kwamba napenda bustani.”

“Anapenda bustani.” Akaandika. “Una mbwa?”

“Unajua sina.”

“Hana mbwa. Unapiga kinanda? Tarumbeta?”

“Bi Kulkarni, jamani!”

“Nisamehe, mwenzangu. Ndivyo tunavyowauliza wote.”

Bwana Lindauer, mjumbe mwenzake, aliyekaa pembeni na fimbo yake katikati ya magoti, akakohoa. “Zulia,” alisema.

Nilijua litakuja. Sheria ya jengo inataka sakafu ya kila nyumba ifunikwe zulia, sehemu nane kati ya kumi, ili wa chini apate kulala. Sisi tulikuwa nalo hadi miguu ya Fabiola ilipomkataa. Hospitali ikampa kigari cha kutembelea, kile cha chuma chenye magurudumu mawili mbele na miguu miwili ya kuburuta nyuma. Kigari kikanasa kwenye zulia, akaanguka, akapasuka nyusi. Kesho yake nikalikunja zulia lote, Besnik akalitoa.

Tangu hapo Bwana Lindauer akawa anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Tuliivisha miguu ya kigari mipira ya tenisi, ikalika, tukaweka mingine, nayo ikalika. Fabiola hakukubali kuletewa kahawa kitandani. “Siku nikiletewa kahawa kitandani, mwite padri,” alikuwa akiniambia. Kila alfajiri aliamka kabla yangu akajiburuta mwenyewe hadi jikoni, akachemsha kahawa ya sukari guru. Ufagio ulipogonga, alicheka. “Mwambie yule mzee atoe vile vidude vya kusikilizia masikioni, atalala kama mtoto mchanga!” Kisha naye anagonga sakafu kwa kisigino, mara moja, polepole, kama mtu anayejibu salamu.

“Nilivumilia kwa sababu alikuwa mgonjwa,” Bwana Lindauer aliendelea, bila kunitazama. “Sasa hayupo. Sheria ifuatwe.”

Bi Kulkarni akavua miwani. “Likiwekwa kabla mwezi haujaisha, kamati inakupokea. Lisipowekwa, Nohora, sitakuwa na la kukusaidia. Ni zulia tu.”

“Ni zulia tu,” nikasema, nikapanda ngazi nikiwa karibu kufurahi.

Besnik alikuja kupima. Yeye ni mtu wa kutoka milima ya Albania, mikono kama makoleo, na hunyamaza tu akiwa na misumari mdomoni. Tukasukuma sofa hadi ukutani, mwanga wa dirisha ukaanguka sakafuni, nami nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa kuishi juu yake.

Kulikuwa na njia. Mistari miwili ya mikwaruzo iliyochimba mbao, sambamba, ikitoka mlango wa chumba cha kulala kwenda jikoni. Ilikwenda imenyooka hadi mahali sofa inapokunjuliwa, upande ninaoweka kichwa. Hapo ikajipinda. Nafasi ya kupita moja kwa moja ilikuwepo, lakini yeye alizunguka mbali, akabanana na bomba la joto, ndipo akarudi kwenye mstari wake. Mwanamke asiyeweza kusimama bila chuma mkononi alikuwa akiongeza safari kila alfajiri ili asinigonge kichwa.

Nikakaa chini.

“Usilie kwa ajili ya mikwaruzo, mama,” alisema Besnik. “Nitapiga msasa, nitapaka vanishi, sakafu itakuwa bikira. Halafu tunatandika zulia juu, nani atajua?”

“Usiiguse.”

“Basi tunatandika tu. Ikishafunikwa imefunikwa.”

Nilimtazama akivuta futi yake ukutani. Ningebaki katika nyumba, na njia ya Fabiola ingekuwa chini ya zulia, nikiikanyaga bila kuiona. Nikamuuliza, “Sheria inataka sehemu nane kati ya kumi. Na hizo mbili?”

“Hizo ni zako. Watu huziacha chini ya kabati, nyuma ya kochi.”

“Mimi nazitaka hapa.” Nikamwonyesha kwa kidole, kutoka mlangoni, nikapita kwenye kona, hadi jikoni.

Besnik akaiachia futi ikajikunja. “Bi Nohora, nimetandika mazulia nusu ya mtaa huu. Watu wananunua zulia wafiche mikwaruzo. Wewe unanunua zulia uionyeshe?”

“Itatosha au haitatosha?”

Akapiga magoti, akapima, akapima tena, akinung’unika kwa lugha yao. “Itatosha,” alisema. “Kwa unywele. Lakini usimwambie mtu ni kazi ya Besnik.”

Akalikata. Pale kwenye kona alichukua kisu kidogo, akaifuata mistari taratibu kama fundi cherehani anayekata shingo ya gauni, na alipomaliza hakusema mzaha wowote.

Walikuja kukagua wawili, Bi Kulkarni na Bwana Lindauer. Bi Kulkarni, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alizunguka sebule midomo ikicheza. “Limetimia,” alisema. “Sijapata kuona zulia la namna hii, lakini limetimia.”

Bwana Lindauer alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kulala akitazama mbao. Kisha akaanza kuifuata njia kwa ncha ya fimbo, bila kuigusa, hatua kwa hatua, hadi kwenye kona. Hapo akasimama.

“Hapa palikuwa na nini?” aliuliza.

“Sofa. Ninalala hapo.”

“Alikuwa akinyamaza hapa.” Akaelekeza fimbo. “Kila asubuhi. Nasikia kigari kinaburuta, kinaburuta, halafu kimya. Kimya kirefu. Kisha kinaendelea. Nilikuwa nikilala chini pale nikidhani anapumzika. Au ameanguka. Nilipokosa subira nikagonga.”

“Uligonga kwa ajili hiyo?”

“Wakati mwingine kwa hasira,” alisema. “Wakati mwingine kwa ajili hiyo. Alikuwa ananijibu.”

Bi Kulkarni akanishika mkono. Miaka yote nilikuwa nimelala kama gogo, na dada yangu amesimama kichwani pangu.

Karatasi zilitiwa sahihi wiki hiyo. Chumba cha kulala sasa ni changu, kitanda kimetandikwa, lakini bado nalala kwenye sofa. Alfajiri naamka, nashika njia yake kwa miguu mitupu, mbao ni baridi. Kwenye kona nasimama kidogo. Juu ya mto pana alama ya kichwa changu, basi.

Huko chini ni kimya. Najua hulali, mzee wangu. Nagonga kwa kisigino, mara moja, polepole, kisha nakwenda kuchemsha kahawa.