Mawe Mekundu ya Baba Mkwe

Kwetu Kyela bado wapo wanaoshika mwiko wa zamani: mke haonani na baba mkwe, wala hawalali chini ya paa moja. Mimi Tusekile, mfyatua matofali ya saruji hapa Mbugani, niliolewa kwa washika mwiko hasa. Mzee Kenani, baba mkwe wangu, akija anakohoa tangu njiani, nami najitosa kwenye migomba. Miaka yote hiyo, sauti yake niliijua kwa kikohozi tu.

Masika yaliyopita maji yalibomoa nyumba yake kule Mwaya. Akahamia stoo ya jirani yetu, akawa analala juu ya magunia ya kokoa. Aibu ilinila. Lazima apate chumba uani kwetu kabla mvua hazijarudi, na saruji tuliyokuwa nayo haikutosha hata kuta mbili.

Siku moja mume wangu, Ipyana, akatua gunia la mawe meusi.

"Baba kayatoa kwenye lundo la taka la mgodi wa makaa ya mawe alikokuwa anafanya kazi. Anauliza kama yanafaa kwenye tofali."

"Ananiuliza mimi?"

"Tangu ujana anauliza kila mtu kwa nini mlima mzima wa mawe unatupwa. Sasa ni zamu yako."

Nilicheka, ila udadisi ukanipanda. Nikayaponda yawe kokoto, nikafyatua tofali, lilipokomaa nikalitosa kwenye beseni la maji. Likameguka kama mkate kwenye chai. Kwa hasira nikaviacha vipande njiani anapopita, avione mwenyewe.

Kesho yake vipande havikuwepo. Palikuwa na kopo la mawe mekundu. Ipyana akaeleza kwamba upande mmoja wa lundo ulishika moto wenyewe, ukaungua kwa miaka, mawe yake yakawa mekundu. Nikayageuzageuza mkononi, nikakumbuka vyungu vya udongo vya soko la Lyulilo: kibichi huyeyuka majini, kilichochomwa hakiyeyuki. Mzee huyu hakuwa mjinga hata kidogo!

Nikayatwanga yakawa unga, nikauchekecha, nikapunguza saruji na kuutia unga huo mahali pake. Tofali hilo lilikaa kwenye beseni mpaka nikachoka kulichungulia. Nikaliweka njiani, nikajificha. Mwiko unakataza kutazama, lakini macho hayana pazia. Niliiona mikono yake tu. Ililigonga tofali, ikalipeleka sikioni, ikaligonga tena, kisha ikalipakata.

Tukakijenga chumba kwa matofali hayo, chini ya paa lake lenyewe, kimeegemea jiko langu. Ukuta ukawa mmoja.

Mvua ya kwanza ilinikuta napika. Nikaweka kiganja ukutani: mkavu kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele. Mara pakagongwa upande wa pili.

"Mwanangu," ilisema sauti nzito, "hapa hatuonani, sivyo?"

Nikauinamia ukuta. "Hatuonani, tata," nikajibu kwa neno letu la baba.

"Basi usikimbie. Nina maswali mengi kuhusu tofali hili."