Pole ya Kiingereza

Kama gari la yule mzungu lisingezama kwenye tope la Mlali, Evelina Mazengo asingerudi shule akiwa na miaka thelathini na minane na mtoto wa darasa la sita wa kumcheka. Lakini lilizama. Mzungu, mtaalamu wa visima, akatembea hadi kwenye simu ya misheni, tope mpaka magotini, akapiga ofisini Dodoma. Aliyepokea ni Evelina, kwa sababu kupokea simu ndiyo ilikuwa kazi yake, mwaka wa kumi na moja huo.

Mzungu alieleza kwa Kiingereza cha mbio. Evelina alidaka gari, akadaka tope, akadaka tangu asubuhi, na vikamtosha. Mtu yuko kwenye tope tangu asubuhi, unamwambia nini? Unampa pole.

“Oh, sorry, sir,” akasema, kwa huruma iliyotoka moyoni hasa.

“Why?” mzungu akauliza. “Is it your fault?”

Neno hilo la mwisho Evelina hakuwa nalo. Alichojua ni kwamba mtu mzima aliyechoka amemuuliza jambo, naye alilelewa Mvumi, ambako mtu mzima akikuuliza kwa sauti ile huanzi ubishi, unaitikia.

“Yes, sir.”

Barua ilifika baada ya wiki moja. Mzungu alishukuru sana kwamba ofisi, kwa njia ya simu, imekiri yenyewe kuwa gari kuzama ni kosa lake, jambo ambalo hajawahi kuliona katika nchi yoyote aliyofanya kazi. Bi Antonia, afisa utumishi, mwanamke wa miwani minene na maneno machache, alimwita Evelina akamsomea barua ile mara mbili.

“Ulikiri?”

“Nilimpa pole tu, Bi Antonia.”

“Hukumpa pole. Ulimpa kesi.”

Ilikuwa miaka ile ya tisini ya kupunguza wafanyakazi. Kila baada ya miezi michache karatasi ya majina ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watu waliisoma kwa kidole, kutoka juu kwenda chini. Bi Antonia alifungua jalada. Cheti cha Evelina cha kidato cha nne kilikuwa na F moja tu, na F hiyo ilikuwa imekaa mbele ya Kiingereza.

“Siku hizi wanaopiga ni wafadhili na wawekezaji,” alisema. “Rudia mtihani mwaka huu. Ukileta C, unabaki mezani pako. Usipoleta, usije kunililia.”

Evelina alirudi kwenye swichibodi yake, akaishika kama mtu anayeagana nayo. Aliipenda kazi ile, tusidanganyane. Kwa sauti tu alijua nani ana mafua, nani amegombana na mkewe, nani anapiga kuomba kazi na anaona haya kusema. Kuinuliwa pale kwa sababu ya herufi moja lingekuwa jambo la kumliza kweli.

Ndipo akajiandikisha tuisheni kwa Bwana Respicius.

Bwana Respicius alikuwa mfasiri wa ofisi hiyohiyo, mtu wa Bukoba, aliyevaa tai hata Jumamosi. Kila siku saa kumi na moja jioni alifundisha watahiniwa wa kujitegemea katika darasa la shule ya msingi karibu na stesheni. Walikuwa watu wazima kumi na mmoja, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigombana na videvu. Sheria ilikuwa moja: ukivuka mlango, Kiswahili kibaki nje. Aliyeteleza alivishwa shingoni kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, kilichoandikwa KISWAHILI kwa rangi nyekundu, akakaa nacho mpaka mwingine ateleze.

Aliyekivaa zaidi ni Halfani, dereva, Msandawe wa Kwa Mtoro, ambaye “the” ilikuwa imemshinda kabisa. Bwana Respicius alishangaa. Ulimi unaoweza kugonga milio kinywani kama ule wa Wasandawe, unashindwaje na kitu kidogo namna hii?

“Teacher,” Halfani akajibu, “we knock. English is leaking.”

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu alilazimika kugeukia ubaoni kurekebisha tai yake.

Kisha ikaja zamu ya Evelina kuchekwa. Zoezi lilikuwa kumwandikia barua rafiki aliyefiwa na baba. Evelina aliandika kwa moyo wote. Sorry for your father. Sorry for the journey. Sorry for the sun. Sorry for many visitors. Bwana Respicius aliisoma kwa sauti, kisha akasema, kwa kile Kiingereza chake kilichopigwa pasi, kwamba Madamu Evelina amemuua baba wa watu, amechelewesha basi, amewasha jua, na mwisho amejaza nyumba wageni. Watu walicheka mpaka dawati moja likaachia msumari.

Evelina naye alicheka, ila masikio yalimwaka.

“Sorry ni ya mwenye kosa,” mwalimu alihitimisha, bado kwa Kiingereza. “Hiyo yako ni Kiswahili kilichovaa suruali.” Tangu siku hiyo, aliyetamka neno hilo bila kosa naye alivishwa kifuniko. Mwenzako akipatwa na jambo, sema “What a pity.”

Sasa jaribu wewe kuishi bila kutoa pole. Chaki ikimdondoka mwalimu, Evelina anaziba mdomo kwa kiganja. Jirani akipita na ndoo kichwani, anameza mate. Siku moja binti yake, Brightness, alijikwaa kwenye kizingiti mpaka ukucha ukang’oka. Evelina, ambaye nyumbani pia alikuwa kwenye mazoezi, akasema, “What a pity.”

Brightness alisahau kulia. “Mama, nimekukosea nini?”

Lakini herufi ni herufi, na Evelina aliitaka. Alikariri vitenzi akisonga ugali, akavirudia akichambua mlenda, na kufika Septemba aliweza kuandika barua nzima bila kumuua mtu yeyote.

Wiki tatu kabla ya mtihani, karatasi ikabandikwa. Evelina aliisoma kwa kidole kama wengine. Jina lake halikuwamo. Akashusha pumzi, kisha kidole kikateremka mstari mmoja zaidi, kikakwama. Kitengo cha tafsiri kilikuwa kimefutwa chote, na kitengo chote kilikuwa mtu mmoja. Barua za wafadhili sasa zingesomwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza, na asiyeelewa ajijue mwenyewe.

Jioni ile hakuna aliyetegemea kumwona mwalimu. Saa kumi na moja kamili akaingia na tai yake, akaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko uleule wa kupendeza. Watu kumi na mmoja walimtazama mgongo. Kila mmoja alikuwa amesikia, na kila mmoja alikuwa na pole imemjaa mdomoni, haina pa kutokea.

Halfani akajitosa. Akasimama, akakohoa, akasema vile alivyofundishwa.

“Teacher. What a pity.”

Ilisikika kama mtu anasifia mvua inayonyesha kwa jirani. Bwana Respicius akageuka polepole.

“Good,” akasema. “Correct.”

Evelina akainuka, goti likagonga dawati.

“Sorry, teacher,” akasema.

Mazoea ni mabaya. Mkono wa mwalimu ukaenda wenyewe kwenye kifuniko kilichoning’inia msumarini, na mdomo ukauliza lile swali ambalo mzungu alilianzisha.

“Why? Is it your fault?”

Safari hii neno alikuwa nalo.

“No,” Evelina akasema. “It is not my fault. Sorry.”

Bwana Respicius alisimama na kifuniko mkononi. Alikitazama mbele, akakigeuza, akakitazama nyuma, kama ambaye hajakiona kabla. Kisha akapitisha kamba juu ya kichwa chake mwenyewe, kifuniko kikatua juu ya tai.

“Ahsante, mama Brightness,” akasema kwa Kiswahili. “Nimeshapoa.”

Pole zikamwagika kutoka kila dawati. Halfani alimpa ya Kiswahili, akaongeza ya Kisandawe yenye mlio mmoja mkavu, na mwalimu akaitikia zote, moja moja, huku akifuta macho kwa kitambaa. Alipomaliza alichukua chaki.

“Na mtihanini andikeni sorry,” alisema. “Niliwafundisha vibaya. Waingereza nao hufiwa.”

Hakuongeza neno. Akafundisha mpaka giza likaingia, kifuniko shingoni.

Mtihani ulikuja na swali la barua: rafiki yako upepo umeezua paa la nyumba yake. Evelina alitabasamu peke yake hadi msimamizi akaja kuchungulia chini ya dawati lake. Akaandika: I am sorry about your roof. It is not my fault, but I am sorry. Yaliyofuata yalikwenda yenyewe.

Matokeo yalipotoka, Bwana Respicius alikuwa amekwisharudi Bukoba. Bi Antonia aliitazama karatasi, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, “Haya, nenda mezani pako.” Kwa Bi Antonia hiyo ilikuwa hotuba.

Siku mbili baadaye simu ya mbali ikaingia, inakwaruza kweli, mtu anapiga kelele kama yuko ng’ambo ya mto. Evelina aliitambua sauti kabla haijajitaja.

“Shikamoo, mwalimu!”

“English, please, madam! What did you get?”

“C, teacher!”

Waya ukakwaruza. Akadhani simu imekatika. Kisha akasikia kicheko kidogo kutoka Bukoba, na swali.

“Is it your fault?”

Evelina akakaa sawasawa kwenye kiti chake.

“Yes, sir,” akasema.