Lebo ya WaNdani

Saa mbili na robo asubuhi fundi wa programu alikuwa keshaketi kwenye meza yake iliyo karibu na choo, meza aliyopewa kwa muda. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na sasa ulikuwa mwaka wa saba.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ndogo. Mfumo wa ulinzi wa ofisi ulikuwa na wakaguzi wawili, yaani vipande viwili vya programu, mmoja wa wafanyakazi na mwingine wa wageni, na mlango ulipoomba mkaguzi, mfumo haukujua uupe yupi. Akatunga lebo, akaiita WaNdani, akambandika nayo mkaguzi wa wafanyakazi. Ule mstari unaosema lebo inaruhusiwa kubandikwa wapi aliusahau, maana mama yake alipiga simu kuuliza kama ameshaajiriwa. Akamjibu bado kidogo, kama kila mwezi.

Kufika saa sita lebo ilikuwa imejibandika itakavyo. Viti vilikuwa nayo, vikombe pia, hata mashine ya maji isiyotoa maji. Watu iliwakaa kwenye paji la uso, kwa herufi ndogo za kijani zisizotoka kwa sabuni. Mhasibu alisema inampendeza. Paka wa stoo naye alikuwa nayo, na sijui nani alimfanyia usaili.

Fundi alikwenda kujitazama kwenye kioo. Paji lake lilikuwa tupu. Alilisugua hata hivyo, na roho ilimuuma sana.

Alitoka kupunga upepo, mlango ukakataa kumrudisha. Meneja akaja wakazungumza dirishani. Fundi alieleza kwamba akiongeza mstari mmoja tu, lebo itawatoka watu.

"Usiiguse, dada. Mfumo haujawahi kufanya kazi vizuri hivi."

"Na barua yangu ya ajira, bosi?"

"Tunaishughulikia."

Wakampitishia kompyuta dirishani. Kiti chake walikataa kukitoa, kwa kuwa kilikuwa na lebo, hivyo akakalia ndoo. Alifanya kazi barazani mchana kutwa, akisikia wenzake wakicheka ndani.

Saa kumi na moja walitoka wote, wakamuaga vizuri tu. Meneja, aliyekuwa wa mwisho, alikuwa na haraka. Akamwomba, maadamu yuko hapo nje, ahakikishe mlango umefunga.

Akauvuta mara mbili. Ulikuwa umefunga barabara.