Nafuu ya Aliyetoa Figo

Januari ya mwaka jana nilimpa kaka yangu Verlyn figo langu. Kabla kidonda hakijapona, kiwanda cha jibini kikanifukuza kazi, eti siwezi kubeba mizigo.

Juzi tulikwenda kwa Bi Kowalke, anayetujazia fomu za kodi. "Hapa Wisconsin aliyetoa figo anapunguziwa kodi kwa gharama za safari na hoteli," akaniambia. "Lakini wewe mwaka jana hukuingiza kitu cha kutozwa kodi. Hakuna cha kupunguza."

Verlyn akasogeza kiti. "Basi niandikie mimi, mama. Mimi nina mshahara."

"Nafuu hiyo ni ya mtoaji peke yake."

"Kwa hiyo inapotea bure hivihivi?" Machozi yalimlengalenga Verlyn.

Nilipofukuzwa kazi, aliniambia ni mipango ya Mungu.